Kuotesha nyanya kwa mbegu za matunda ya sokoni

Kuotesha nyanya kwa mbegu za matunda ya sokoni ni njia ya kupata miche ya mnyanya (jina la kisayansi: *Solanum lycopersicum*) kwa kutumia mbegu zilizotolewa ndani ya nyanya iliyonunuliwa ili iliwe, badala ya mbegu zilizofungashwa na kuuzwa kwa ajili ya kupandwa. Njia hiyo hutumiwa hasa na watu wenye bustani ndogo nyumbani, na pia shuleni katika masomo ya biolojia na kilimo.

Mbegu nyingi za nyanya iliyoiva huota bila shida. Jambo gumu ni kujua mapema mche utakaoota utazaa nyanya za namna gani. Jibu hutegemea kama tunda lililonunuliwa lilitoka kwenye aina ya kawaida au aina chotara, na kwa kawaida tofauti hiyo haionekani kwa macho. Kwa sababu hiyo, njia inayofaa kwa ndoo mbili za barazani inaweza kuleta hasara kubwa katika shamba la biashara.

## Mbegu ndani ya tunda

Asili ya mnyanya ni upande wa magharibi wa Amerika Kusini, katika nchi za leo za Peru na Ekuador. Ulifugwa kuwa zao kamili huko Meksiko kabla ya Wahispania kuufikisha Ulaya katika karne ya 16. Siku hizi hulimwa karibu duniani kote. Katika Afrika Mashariki maeneo yanayojulikana kwa nyanya ni pamoja na Ilula mkoani Iringa, Mgeta mkoani Morogoro, miteremko ya Kilimanjaro, na kaunti za Kirinyaga na Kajiado nchini Kenya.

Tunda moja la ukubwa wa kawaida huwa na mbegu zipatazo 150 hadi 300. Kila mbegu imezungukwa na ute unaoteleza. Ute huo, pamoja na maji ya tunda, una kemikali zinazozuia mbegu kuota ikiwa bado ndani. Kizuizi hicho kikipungua, kwa mfano katika nyanya iliyokaa muda mrefu baada ya kuvunwa, mbegu huweza kuchipua ndani ya tunda lenyewe. Mtu akiikata nyanya ya namna hiyo hukuta vijimea vyeupe vimejikunja kati ya nyama na maji yake. Vijimea hivyo ni vya mnyanya wa kawaida na vinaweza kupandwa.

Uwezo huohuo wa kuota ndio unaoeleza maotea, yaani minyanya inayojiotea yenyewe jalalani, kwenye lundo la mboji au kando ya mfereji wa maji machafu ya jikoni. Watu wengi wamekula nyanya za maotea bila kujua mbegu zake zilitoka wapi.

## Aina za kawaida na aina chotara

Ua la mnyanya lina sehemu za kiume na za kike kwa pamoja, na mara nyingi hujichavusha lenyewe kabla ya chavua ya ua lingine kulifikia. Upepo na mtikisiko wa nyuki husaidia chavua kudondoka. Kwa hiyo aina ya nyanya iliyokwisha kuwa thabiti huzaa watoto wanaofanana na mzazi wao kizazi baada ya kizazi. Aina hizo huitwa aina za kawaida. Miongoni mwa zile zinazolimwa Afrika Mashariki ni Cal J, Rio Grande, Roma, Money Maker na Marglobe, pamoja na Tanya na Tengeru 97 zinazohusishwa na kituo cha utafiti cha Tengeru mkoani Arusha. Mbegu iliyotolewa katika nyanya ya aina ya Rio Grande kwa kawaida hutoa mche wa Rio Grande.

Aina chotara hupatikana kwa kuvusha mistari miwili tofauti ya wazazi. Mfanyakazi huondoa sehemu za kiume za ua kwa kibano kabla halijachanua, kisha hupaka chavua ya mzazi mwingine kwa mkono. Kazi hiyo hufanywa ua kwa ua, na ni sababu mojawapo ya mbegu chotara kuwa ghali. Kizazi cha kwanza kinachotokana nayo huandikwa F1 kwenye pakiti, kama ilivyo kwa Anna F1, inayojulikana sana Kenya katika vitalu nyumba. Mimea ya F1 hulingana, huzaa vizuri, na mara nyingi huunganisha sifa njema za wazazi wote wawili, kama ukinzani wa magonjwa na uimara wa ganda.

Nyanya inayoliwa kutoka kwenye mmea wa F1 ina mbegu za kizazi cha pili, yaani F2. Katika kizazi hicho sifa za mababu hutawanyika upya. Kutoka katika tunda moja inaweza kupatikana mimea mirefu na mifupi, yenye matunda makubwa na madogo, ya duara na marefu, matamu na makali. Baadhi itafanana na mzazi, lakini hakuna anayeweza kuitambua kwa kutazama mbegu.

### Hesabu ya urithi

Kanuni zilizoelezwa na Gregor Mendel mwaka 1866 huonekana wazi katika F2 ya nyanya. Mfano mmoja ni umbo la mmea. Baadhi ya minyanya hurefuka mfululizo, na mingine hufikia kimo fulani na kukoma. Urefukaji wa mfululizo ni sifa tawala. Ikiwa mzazi mmoja wa chotara alikuwa mrefu na mwingine mfupi, mimea yote ya F1 itarefuka, lakini takriban robo ya mimea ya F2 itakuwa mifupi.

Mfano wa pili ni jeni iitwayo *rin*, ambayo huzuia kuiva. Baadhi ya chotara zilizotengenezwa ili matunda yadumu muda mrefu dukani zina nakala moja ya jeni hiyo na nakala moja ya kawaida. Matunda yake huiva polepole na hukaa bila kulainika haraka. Mbegu zake zikipandwa, takriban robo ya mimea itapata nakala mbili za *rin*. Matunda ya mimea hiyo hukua kama kawaida, lakini hubaki ya manjano na hayawi mekundu hata yakisubiriwa kwa wiki nyingi. Robo nyingine itaiva haraka kama nyanya za kawaida, na nusu iliyobaki itafanana na mzazi katika sifa hiyo.

Ukinzani wa magonjwa hufuata hesabu ileile. Chukua chotara yenye jeni tawala tatu za ukinzani, kila moja ikiwa imetoka kwa mzazi mmoja tu. Mmea wa F2 una nafasi 3 kati ya 4 ya kubaki na kila jeni. Uwezekano wa kubaki na zote tatu, kama zinarithiwa bila kutegemeana, ni 27 kati ya 64, yaani takriban asilimia 42. Mimea mingine yote itakuwa imepoteza angalau kinga moja.

## Kuchagua tunda

Nyanya inayofaa ni ile iliyoiva kabisa, isiyo na madoa, michubuko wala dalili za kuoza. Nyanya nyingi za sokoni huvunwa zikiwa bado za kijani au zikianza tu kubadilika rangi, ili zistahimili safari ndani ya tenga. Jambo hilo si lazima liharibu mbegu. Tunda likishafikia ukomavu, hata kama ni la kijani, mbegu zake huwa zimekomaa. Dalili yake ni kwamba likikatwa, mbegu huteleza kando ya kisu badala ya kukatika. Nyanya iliyovunwa kabla ya hapo huwa na mbegu laini zisizoota vizuri.

Nyanya zilizopikwa, za kopo au zilizosagwa viwandani hazifai, kwa kuwa joto huua mbegu. Nyanya iliyohifadhiwa kwenye jokofu bila kugandishwa bado inaweza kutoa mbegu hai.

Kumuuliza muuzaji aina ya nyanya kunaweza kusaidia, hasa pale anaponunua moja kwa moja kutoka kwa mkulima. Hata hivyo, katika masoko makubwa tenga moja linaweza kuwa na mavuno ya mashamba tofauti.

## Kutoa na kusafisha mbegu

Njia inayotumiwa zaidi ni ya kuchachusha, ambayo huondoa ute pamoja na vizuizi vyake:

1. Nyanya hukatwa katikati kwa upana, kisha mbegu na maji yake hukamuliwa katika glasi au kikombe safi.
2. Maji kidogo huongezwa, chombo hufunikwa kwa kitambaa chepesi, na huachwa mahali penye kivuli kwa siku 1 hadi 3. Mahali penye joto, kama maeneo ya pwani, siku moja au mbili hutosha.
3. Mchanganyiko hukorogwa mara moja au mbili kwa siku. Povu na harufu ya kuchacha ni dalili za kawaida.
4. Maji safi huongezwa. Mbegu nzuri huzama, na mbegu pungufu pamoja na nyama ya tunda huelea na kumwagwa.
5. Mbegu husuuzwa kwenye chujio, kisha hutandazwa kwenye sahani au kitambaa. Karatasi laini haifai sana, kwa kuwa mbegu hunata.
6. Hukaushwa kivulini penye hewa kwa siku kadhaa, zikigeuzwa mara kwa mara. Jua kali la mchana linaweza kuzidhuru.

Mbegu zikiachwa katika maji kupita kiasi zinaweza kuanza kuota humohumo. Zilizokauka vizuri huwekwa katika bahasha iliyoandikwa tarehe na mahali tunda lilipopatikana, kisha ndani ya chupa iliyofungwa. Mahali pakavu na baridi mbegu za nyanya hudumu miaka 4 au zaidi. Unyevu na joto ndivyo vinavyofupisha maisha yake.

Njia nyingine ni kuzika vipande vyembamba vya nyanya moja kwa moja katika udongo wa chungu. Ute huoza wenyewe na mbegu huota, lakini miche hutokea ikiwa imesongamana mno. Isipotenganishwa mapema hudhoofika kwa kugombea mwanga.

## Kusia na kutunza miche

Mbegu husiwa katika kitalu, trei au kopo lenye matundu chini, kwa kina cha takriban sentimita 1. Udongo unapaswa kuwa mwepesi, usiotuamisha maji, na ikiwezekana usiwe umepandwa nyanya, viazi mviringo, pilipili au biringanya karibuni. Mimea hiyo yote ni ya familia moja ya Solanaceae na hushirikiana magonjwa. Katika joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, mbegu huota kwa siku 5 hadi 10.

Hatari kubwa kitaluni ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaofanya mche kusinyaa shinani na kulala. Huzuiwa kwa kumwagilia kiasi, kuacha hewa ipite na kupunguza miche iliyosongamana.

Miche hupandikizwa ikiwa na majani halisi 4 hadi 6, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Siku chache kabla ya hapo hupunguziwa maji na kivuli ili ikomae. Nafasi ya sentimita 60 kwa 50 hutumika sana. Anayetumia ndoo huhitaji chombo cha lita 10 au zaidi kwa kila mmea. Mche huweza kuzikwa hadi karibu na majani ya chini, kwa sababu shina la mnyanya hutoa mizizi mipya likiwa ardhini.

Kwa kuwa mkulima wa mbegu za sokoni hajui kama mmea wake utakuwa mrefu au mfupi, hushauriwa kusimika mti wa kuuegemeza mapema. Umwagiliaji wa mpangilio hupunguza kupasuka kwa matunda na kuoza kitako, tatizo linalotokana na kalsiamu kutofika vizuri kwenye tunda. Matunda ya kwanza huiva takriban siku 60 hadi 90 baada ya kupandikiza, kulingana na aina na hali ya hewa.

Katika maeneo ya joto jingi maua yanaweza kudondoka bila kuzaa, hasa mchana ukizidi nyuzi 35 na usiku ukibaki juu ya nyuzi 24. Mmea uliotokana na nyanya ya nyanda za juu, kwa mfano Iringa, unaweza kustawi Dar es Salaam au Mombasa na bado ukatoa matunda machache kwa sababu hiyo.

## Magonjwa yanayosafiri na mbegu

Nyanya safi kwa nje inaweza kubeba vimelea juu ya mbegu au ndani yake. Miongoni mwa magonjwa yanayoenezwa hivyo ni batobato ya nyanya inayosababishwa na virusi, saratani ya bakteria ya nyanya (*Clavibacter michiganensis*) na madoa ya bakteria. Virusi vya madoa ya kahawia na mikunjo ya tunda la nyanya, vilivyoelezwa kwa mara ya kwanza katika nchi za Mashariki ya Kati katika miaka ya 2010, pia huenezwa na mbegu na vimewasumbua wakulima katika mabara kadhaa.

Kuchachusha hupunguza baadhi ya bakteria lakini hakuondoi virusi kwa uhakika. Kuloweka mbegu katika maji ya moto ya nyuzi 50 kwa dakika 25 huua bakteria wengi. Kipimajoto kinahitajika, kwa kuwa joto likizidi mbegu hufa, na likipungua vimelea hubaki.

Matatizo mengine hayatoki kwenye mbegu. Nondo kantangaze (*Tuta absoluta*), bakajani chelewa, na ugonjwa wa virusi wa kujikunja majani unaoenezwa na nzi weupe huushambulia mnyanya bila kujali mbegu ilitoka wapi. Kwa hiyo mmea uliougua si lazima uwe umerithi ugonjwa kutoka kwa tunda la sokoni.

## Bustani na shamba la biashara

Katika bustani ya nyumbani gharama ya kujaribu ni ndogo. Mmea mmoja ukizaa nyanya chachu au chache, mwingine huweza kufidia, na utofauti wenyewe huwa somo zuri kwa wanafunzi.

Shambani hesabu hubadilika. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, ekari moja huchukua miche ipatayo 13,000. Kwa mbegu 150 katika kila tunda, nyanya zipatazo 100 zingetosha kutoa mbegu za ekari nzima, na ndiyo sababu njia hii humvutia mkulima aliyeona bei ya pakiti ya mbegu chotara. Lakini mbegu ni sehemu moja tu ya gharama. Kulima, mbolea, maji, viuatilifu, miti ya kuegemeza na vibarua hulipiwa kwa kiwango kilekile, mmea uzae au usizae.

Kama nyanya hizo 100 zilikuwa chotara zenye jeni ya *rin*, zaidi ya mimea 3,000 kati ya hiyo 13,000 ingebeba matunda yasiyogeuka mekundu, na dosari hiyo ingejulikana siku ya kuvuna, fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Mavuno yasiyolingana kwa ukubwa na wakati wa kuiva pia hushusha bei, kwa sababu wanunuzi wa jumla hupanga nyanya kwa madaraja. Mahali ambapo udongo una vimelea vya mnyauko, kupotea kwa ukinzani kunaweza kumaanisha kupotea kwa zao lote.

Kwa mkulima asiyemudu mbegu chotara kila msimu, njia yenye hatari ndogo zaidi ni kununua mara moja mbegu za aina ya kawaida zilizothibitishwa, kisha kutunza mbegu kutoka kwenye mimea yake mwenyewe iliyo bora na isiyo na ugonjwa. Hatua za kuzisafisha ni zilezile zinazotumika kwa nyanya ya sokoni, lakini hapo mzazi anajulikana.

## Sheria

Kuotesha mbegu za nyanya iliyonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani ni jambo tofauti na kuuza mbegu au miche. Nchini Tanzania biashara ya mbegu husimamiwa kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na ubora wake hukaguliwa na taasisi ya serikali iitwayo TOSCI. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na KEPHIS. Aina mpya zinaweza pia kulindwa kwa haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Mkataba wa kimataifa wa UPOV wa mwaka 1991 unaweka nje ya haki hizo matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara.

## Kutengeneza aina thabiti

Mbegu za F2 zinaweza kuwa mwanzo wa aina mpya. Mlimaji huchagua mmea mmoja unaompendeza, hutunza mbegu zake peke yake, huzipanda na kuchagua tena. Mmea unapojichavusha, sehemu ya jeni zilizochanganyika hupungua kwa nusu kila kizazi: asilimia 50 katika F2, 25 katika F3, 12.5 katika F4, na takriban 3 katika F6. Ndiyo maana kwa kawaida huhitajika vizazi 6 hadi 8 kabla watoto hawajafanana vya kutosha kuitwa aina moja. Mahali panapoweza kulimwa misimu miwili kwa mwaka, kazi hiyo huchukua takriban miaka mitatu hadi minne.

## Dhana potofu

* *Mbegu za nyanya chotara ni tasa.* Si kweli. Huota vizuri, ila watoto wake hutofautiana.
* *Chotara ni sawa na mmea uliobadilishwa jeni maabara.* Si kweli. Chotara hupatikana kwa uchavushaji. Nyanya iliyobadilishwa jeni iliyouzwa kwanza, Flavr Savr, iliingia sokoni Marekani mwaka 1994 na iliondolewa baada ya miaka michache.
* *Nyanya nzuri hutoa mbegu nzuri.* Ni kweli kwa aina ya kawaida iliyokua bila ugonjwa. Kwa chotara, uzuri wa tunda hauhakikishi uzuri wa mmea utakaofuata.

## Tazama pia

* Nyanya
* Nyanya chungu
* Uchavushaji
* Mbegu
* Gregor Mendel